Maini ya Ndege wa Lambo

Jumapili, 9 Februari 2025

Binti yetu Kabula amefika! Keneth, mumewe, amemleta kwa bodaboda kutoka Lamadi, akanywa uji amesimama, akarudi kwenye dagaa zake. Hata kukaa vizuri hakukaa. Mimba ina miezi sita sasa. Ile ya mwaka jana haikufika huku, kwa hiyo nashukuru kila kukicha, ingawa mdomoni sisemi kitu. Kusema ni kuchokoza.

Viganja vyake vimepauka mno. Kliniki wamemwambia damu ndogo. Muuguzi alitaja vidonge, mboga za majani, dagaa, maini. Vidonge vinamtapisha. Dagaa hataki hata kusikia harufu — mke wa mvuvi! Alipotaja maini tu ndipo nilipomwona akimeza mate.

Mzee, mume wangu, alikuwa pembeni anasokota kamba ya ndama, anajifanya hasikii. Mboje namjua mimi. Akiwa hasikii kabisa, ujue anasikia yote.

Jioni tumetembea watatu hadi kwenye lambo. Maji yapo, ng'ombe wamekunywa, bata mwitu wengi. Korongo wenye taji bado. Kila mwaka huja wawili, dume na jike, wanacheza pale ukingoni kama maharusi. Mzee anasema watakuja tu, mvua ilichelewa. Kwenye ukoo wao korongo haguswi, hata jiwe hatupiwi. Lambo lile baba yake alilichimba na majirani kwa majembe, na akilizungumzia unadhani anamzungumzia ndugu yake wa tumbo moja.

Jumatano, 12 Februari

Mzee ameingia jikoni amevaa koti na jua lote hili. Nikauliza, unaumwa? Akafungua koti — bata mwitu wawili! Amewanasa kwa vitanzi vya nailoni ya nyavu aliyoomba kwa Keneth. Nikamwambia, bwana nyama, yule wa wanyamapori, akikukamata kwa umri huo, ng'ombe watachungwa na nani? Anacheka tu.

Sasa niandike lililotokea mezani, maana sijawahi kuliona katika nyumba hii.

Firigisi na maini ni vya baba. Mama mkwe alinifundisha hivyo siku yangu ya kwanza jikoni kwake, nami nimevitenga kwenye kibakuli cha Mzee miaka yote, hata siku tulizogombana. Hasa siku tulizogombana! Leo amekisukuma kile kibakuli hadi mbele ya Kabula. "Kula, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "hiyo ndiyo damu."

Kabula akanitazama kwanza, kama anaomba ruhusa. Firigisi ya baba! Nilicheka sana. Halafu nikarudi jikoni machozi yakanitoka. Nimebeba mimba nne mimi ndani ya nyumba hii, sikuonjeshwa hata kipande. Simwonei wivu mwanangu. Kidogo tu.

Jumanne, 18 Februari

Ukingo wa lambo una wekundu. Si ule wa udongo tunaoujua. Huu umeganda kwenye nyasi, kama kutu ya bati kuukuu.

Juu ya bonde kuna karasha la kusaga mawe ya dhahabu, limeanza baada ya pamba ya mwaka jana. Kutwa linanguruma. Wakishasaga na kuosha, mchanga unaobaki, marudio wanauita, wanaulundika hapo hapo. Mvua ikipiga, mchanga unatelemka. Aliyewapa eneo ni Salu, shemeji yangu, mdogo wake Mzee. Nimemuuliza leo.

"Shemeji, hiyo ni kutu tu. Ni chuma. Si mnahangaika na damu ya Kabula? Chuma si ndiyo damu yenyewe?"

Akaondoka anapiga mluzi. Amenishinda kwa somo langu mwenyewe, mimi mwalimu mstaafu! Nimefundisha darasa la nne kwamba damu inataka chuma. Nilichora na picha ubaoni.

Maji ya lambo sisi hatunywi, tuna pampu. Wanakunywa ng'ombe na ndege. Nimemwona ndege kwarara mmoja anatembea pale anayumba kama ametoka kilabuni. Anakwenda, anakaa, anakwenda. Nilicheka, halafu nikaacha.

Ijumaa, 28 Februari

Korongo wamekuja! Wawili, kama kawaida yao. Mzee amewaamkia kabisa: "Mwangaluka!" Kabula amecheka hadi ameshika tumbo.

Na mgeni tumempata. Binti anaitwa Klementina, mtaalamu wa ndege kutoka chuo kikuu. Amepanga chumba kule senta. Ana boksi la barafu, miwani mikubwa, viatu vya mpira. Mpole, shikamoo mama, shikamoo baba, kila neno taratibu. Anaokota manyoya na ndege waliokufa kwenye malambo ya huku, aende akapime kama wameingiwa na madini. Ameomba aingie kwenye ngitili yetu, yale malisho ya akiba, maana lazima ayakatize kufika majini.

Mzee alikuwa ameshavificha vitanzi vyake chini ya magunia. Amemwona binti ana kofia ya kaki, basi, kwake huyo ni bwana nyama.

Klementina akauliza, hivi nyumbani hapa mnakula ndege wa lambo?

"Sisi? Hatuli ndege wa mwitu," akasema Mzee, haraka kabla sijafungua mdomo.

Klementina akafurahi, akasema vizuri sana baba. Mimi nikamimina chai. Kabula akaangalia miguu yake. Harufu ya mchuzi wa bata ilikuwa bado jikoni, nikaogopa binti wa watu ataisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Jana tulipakwa majivu kanisani, Kwaresma imeanza. Leo korongo jike amekufa.

Mzee ndiye aliyemwona, ndani ya nyasi, shingo imelala vibaya. Amekuja nyumbani bila fimbo yake, amesahau huko huko. Nimempigia Klementina, amefika haraka. Amempasua ukingoni pale, juu ya karatasi ya nailoni, mimi namshikia bawa. Zito! Na zuri, nyeupe, na dhahabu, na kahawia ya kuiva. Sikujua kama nitaguswa namna ile. Kichwani taji lilikuwa bado limesimama, kama halijapata habari.

Ini lilikuwa jeusi. Klementina akaligeuza kwa kisu chake kidogo. Akakata kipande, akakitia kwenye kichupa. Firigisi pia. Alinikuta namwangalia usoni. Akasema tusubiri vipimo, mama, mimi sipendi kusema kabla.

Dume lilikuwa ng'ambo ya maji. Lilikuwa linaita. Hata tulipomaliza kufukia lilikuwa linaita.

Usiku wa leo Mzee amekula kidogo, akasema baba yake angeona hili angekufa kwa uchungu. Nikamwambia baba yako alishakufa, kula. Nilikosea kumwambia vile. Nilitaka tu anyamaze, ili na mimi nisilie.

Jumamosi, 15 Machi

Kliniki na Kabula. Damu haijapanda. Imeshuka! Muuguzi anauliza, mama unakula kweli? Kabula akasema nakula maini karibu kila siku. Muuguzi akasema endelea, na vidonge umeze usitupe. Hakuuliza maini ya nini. Nani angeuliza? Kila mtu akisikia maini anawaza bucha.

Kichwa kinamuuma. Tumbo linamsokota, choo kigumu. Anasema mdomoni anasikia ladha kama amelamba kufuli. Nikamwambia mimba ina vituko, mimi nilikuwa natamani majivu ya jikoni.

Mzee ameambiwa damu imeshuka. Akachukua nailoni, akaenda kuongeza vitanzi.

Jana Ijumaa, tena ya Kwaresma, amekuja na bata. Nikamwambia Baba Kabula, leo nyama mwiko! Akanijibu huyu anaishi majini, mhesabu samaki. Na mgonjwa Mungu anamruhusu. Kabula akala. Sisi tukala matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa. Tulicheka vizuri jana, wote watatu. Nayaandika haya ili nikumbuke kwamba tulicheka.

Jumatatu, 24 Machi

Yangeyange wanne wamekutwa wamekufa nyuma ya zizi. Mzee amewafukia.

Dume la korongo bado lipo peke yake. Haliondoki. Haliiti tena.

Bata wamepungua. Mzee sasa anatoka alfajiri na kurudi na jua, wakati mwingine mikono mitupu. Siku ya mikono mitupu hamtazami Kabula usoni.

Jumanne, 8 Aprili

Nianzie wapi?

Klementina alikuja mchana. Mzee alikuwa Kasoli kwa habari za dawa ya pamba, Kabula amelala ndani. Tukakaa barazani. Majibu yametoka.

Nayaandika kama nilivyoyasikia. Ini la ndege ni ghala, mama. Kila kinachoingia mwilini kinapita pale, na kingi kinabaki pale. Firigisi nayo inashika chembe za mchanga anazomeza ndege. Ndege wa lambo letu wana chuma kilichopita kiasi, ndiyo ule wekundu. Na kwenye msafara wa chuma wamo wenzake: zebaki, na madini ya risasi. Haya ya risasi yamezidi sana. Ndiyo yanayomfanya kwarara ayumbe.

"Chuma peke yake nisingeogopa hivi," alisema. "Risasi inakula damu, mama. Mwenye nayo anapungukiwa damu hata ale nini."

Hata ale nini.

Halafu akasema afadhali nyinyi hamli. Kule ng'ambo ya barabara nimeanza kuwakataza, na taarifa naiandika iende kwa wakubwa, hilo karasha lisimamishwe.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini. Nikamwambia tunakula.

Akanitazama.

Nikamwambia, mimi na Mzee tunakula mapaja. Maini na firigisi anakula mmoja tu.

Alijua. Aliangalia mlango wa chumba cha Kabula, akavua miwani. Tangu lini? Tangu alipokuja. Mara ngapi? Siku hizi kila wanapopatikana. Akasema, kwa sauti ya chini sana, siku ile niliuliza. Nikasema uliuliza, mwanangu. Basi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua kidogo.

Nikamuuliza mtoto atakuwaje. Akasema mimi ni wa ndege, mama, kwa binadamu sijui, nisikudanganye. Mpeleke hospitali kesho, akapimwe damu, useme kila kitu. Usifiche safari hii.

Usifiche. Eti kwa ajili ya kuogopa faini ya bata wawili! Mboje, Mboje. Na mimi na chai yangu.

Mzee amerudi na chungwa moja, amelitoa mfukoni, akaliweka kwenye mto wa Kabula. Nimeshindwa kumwambia.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia Kabula njiani, tulipoteremka kwenye bajaji. Nilitaka asikie kwangu kabla ya daktari. Alisimama tu barabarani ameshika kifuko cha nguo za mtoto. Akauliza, firigisi pia? Nikasema hata firigisi.

Daktari ni kijana. Nilieleza yote mbele yake: bata, vitanzi, maini, tangu mwezi wa pili. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Ametoa damu, itapelekwa Mwanza, huku hawana kipimo hicho. Majibu si ya leo wala kesho. Amesema Kabula alale wodini, mtoto anacheza kidogo kuliko inavyotakiwa.

Nilipokuwa namfunga khanga, Kabula akanishika mkono.

"Mayu, Baba usimwambie."

Nikamwambia lazima ajue, bado ana vitanzi huko.

"Mwambie daktari kakataza tu. Mtoto akitoka mzima, Baba asijue hadi anazikwa. Asipotoka mzima... Alininyima nini Baba yangu? Firigisi yake alinipa."

Nikamwambia mtoto atatoka mzima. Nilimwambia kwa ile sauti niliyokuwa nawaambia watoto wa darasa la nne kwamba sindano haiumi.

Nimerudi nyumbani kuchukua ndoo na vyombo. Mzee ameuliza. Nimesema daktari amekataza nyama ya ndege. Kwa nini? Nikasema ni mambo yao ya kisasa. Akafikiri.

"Daktari mwenyewe mtu mzima?"

"Kijana."

Akatikisa kichwa. Nilipaswa kumwambia pale pale! Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anabandua tope kwenye viatu, mzee wa watu. Miaka hii yote sijawahi kushindwa kumwambia Mboje neno. Hata mabaya. Hata yale ya mama yake. Isipokuwa hili. Nikabeba ndoo, nikarudi hospitali.

Alhamisi, 10 Aprili

Niko kwenye benchi nje ya wodi.

Tangu asubuhi Kabula anasema mtoto hajacheza. Wamempa maji ya sukari, wamemlaza ubavu wa kushoto. Muuguzi ameweka pembe yake ya kusikilizia tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza. Akasema, ngoja nimwite muuguzi mwenzangu. Wasindikizaji tukatolewa nje sote, wamefunga mlango.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza amefika. Kwa bodaboda, amekumbatia hotipoti imefungwa kwa kitenge changu cha kanisani. Koti lile lile. Hakujua kama kuna jambo. Aliuliza, wanamhudumia? Nikasema wanamhudumia. Akakaa. Akanipa hotipoti niishike, akafuta jasho.

Akaanza kuongea bila kuulizwa, anaangalia mbele. Kwamba amefikiri usiku kucha juu ya yule daktari kijana. Kwamba vijana wamesoma lakini hawakulelewa na lambo lile, yeye amelelewa nalo na watoto wake wote wamelelewa nalo. Kwamba mtu mwenye damu ndogo huwezi kumnyima maini ukamwacha na maji ya sukari.

Nikamwambia Baba Kabula.

Akasema ngoja nimalize. Leo alfajiri nimekwenda. Bata hakuna. Hata mmoja. Lambo tupu kabisa, Mama Kabula, sijapata kuliona vile. Alikuwepo yule tu.

Nikauliza yule nani. Nilijua yule nani. Kwenye mkono wa koti lake kulikuwa na unyoya mmoja wa taji, ule wa dhahabu, mgumu kama uzi wa brashi.

"Hakukimbia," akasema. "Nilikaa naye muda. Nilimwomba radhi, yeye na baba yangu. Halafu nikasema, mwanangu kwanza."

Hajalia. Ila mikono anaipitisha magotini, huku na huku. Amesema ini ni kubwa, hajaona ini kubwa namna hiyo. Firigisi pia imo. Yeye hajaonja hata mchuzi.

Nimetoa daftari kwenye kikapu, nimeliweka juu ya kifuniko cha hotipoti, ndipo ninapoandikia haya. Joto linapenya kwenye karatasi. Mzee ameuliza unaandika nini saa hizi, nikasema aliyosema daktari nisisahau. Ameniamini. Nikiwa naandika hawezi kuifungua. Kwa hiyo naandika. Naandika dirisha lina wavu. Naandika kuna mama ananyonyesha pale mwisho wa benchi, mtoto ana soksi moja. Mboje, nisamehe. Naandika sijui nianze na lipi, la mjukuu au la maini, na yote mawili yatamfikia leo.

Ameniuliza kama chakula hakijapoa. Nimesema bado.

Ameniuliza kama wakitoka watamruhusu amlishe mwenyewe.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi ameita mama wa Kabula, aingie mama peke yake. Mzee amesimama kabla yangu. Amenyoosha mikono miwili, anataka nimpe hotipoti aishike, nisiingie nayo na kuimwaga kwa haraka zangu. Anasema lete. Mama Kabula, lete basi, unaitwa.

Nimemwambia ngoja, nimalizie mstari